Kona ya Kompyuta: Faili lipo, kompyuta inasema halipo



Zamu ya kona hii ni yangu, nami nitasimulia jinsi nilivyokaribia kuiacha mada ya tasnifu yangu kwa sababu ya laptopu.

Ninasoma biolojia, mwaka wa tatu. Mada yangu ni Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, na data ninazotumia ni za wazi kwa kila mtu. Mtandao wa watafiti uitwao MalariaGEN umekusanya jinomu za vimelea hivyo zaidi ya 20,000 kutoka nchi nyingi, na sampuli nyingine zimetoka mkoa wa Tanga, kwao mama. Mama alikuwa na kaka aliyefariki kwa malaria akiwa na miaka minne. Ndiyo maana nilitaka kuitazama jeni ya kelch13. Mabadiliko fulani ndani yake hufanya kimelea kichelewe kufa mgonjwa anapotumia dawa za artemisinini, na moja kati ya hayo, R561H, limeshaonekana Rwanda na Kagera.

Sasa, programu za kazi hii, bwa na samtools, ziliandikwa kwa ajili ya Linux. Laptopu yangu ni ya Windows, yenye RAM ya GB 8. Msimamizi wangu akanipa wiki moja: nioneshe kwamba kazi inaendeka, au nichague mada nyingine.

Kumbe Linux inaweza kukaa ndani ya Windows yenyewe. Njia hiyo inaitwa WSL, na toleo lake la pili, lililotangazwa mwaka 2019, lina kiini halisi cha Linux. Unafungua PowerShell kwa haki za msimamizi wa kompyuta, unaandika wsl --install, unazima na kuwasha, na Ubuntu inakusubiri. Humo ndani ukiandika sudo apt install bwa samtools, programu zinaingia. Nilijiona bingwa.

Ubingwa ulidumu hadi jioni. Nilikuwa nimeandika orodha ya majina ya sampuli kwa Notepad, jina moja kila mstari, ili kompyuta izichukue moja baada ya moja. Kila jina likajibiwa kwamba faili halipo. Nikitazama folda, lipo. Nikiliandika jina kwa mkono, linafunguka. Siku mbili nzima! Nilifuta, nikapakua upya, nikamlaumu kila mtu isipokuwa Notepad.

Kosa lilikuwa alama isiyoonekana. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, moja ya kurudi mwanzo wa mstari na nyingine ya kushuka mstari unaofuata. Linux hutumia ya kushuka peke yake, kwa hiyo ile ya kurudi iligandamana na mwisho wa kila jina, na jina likawa si lile tena. Ukiandika cat -A na jina la orodha yako, utaiona: ^M mwishoni mwa kila mstari. Programu ndogo iitwayo dos2unix huziondoa zote mara moja.

Nilipompigia babu simu na kumweleza, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa karani wa taipu katika shamba la mkonge. “Mjukuu wangu,” akasema, “sisi tulikuwa tunasukuma kile kigari kirudi, halafu karatasi inapanda. Mambo mawili. Hao wenzako wa Linux wamesahau kimoja.” Sikumbishia.

Yaliyobaki ni mepesi ukiyajua. Nilikuwa nimeweka data upande wa Windows, yaani ndani ya /mnt/c, na kila faili linapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kazi inakwenda kwa kujikokota. Nilizihamishia kwenye folda yangu ya nyumbani ndani ya Ubuntu, na kazi ya mchana mzima ikaisha wakati ninakula. Ukitaka kuyaona mafaili hayo kwa macho ya Windows, andika explorer.exe, acha nafasi, weka nukta.

Halafu RAM. WSL kwa kawaida hupewa nusu tu ya RAM, kwangu GB 4. Nami kwa tamaa niliiambia samtools sort itumie nyuzi nane, na kila uzi huchukua karibu MB 768 usipoupangia kiasi. Piga hesabu mwenyewe. Kompyuta iliandika neno moja, Killed, ikanyamaza. Nikapunguza hadi nyuzi mbili, na tangu hapo hatujagombana.

(Kazi hii ya kulinganisha vipande vya DNA na jinomu rejea mimi naiita kupanga vipande. Mwalimu akiwa na neno bora, ukurasa huu ni wake.)

Msimamizi ameikubali mada. Sampuli 18 kati ya 40 zimeshapangwa, na leo usiku naiacha laptopu ikiwaka tena, juu ya meza, mbali na blanketi, maana inapata joto kama pasi. Alhamisi nitakuwa chumba cha klabu kuanzia saa kumi na moja jioni. Mwenye Windows aje nayo, na chaja asisahau, soketi pale ni mbili tu.