Maafa Yakitokea, Nesi Ndiye Mlangoni

Agosti 7, 1998, mlio wa kwanza kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliwavuta watu madirishani. Mlipuko mkubwa ukafuata, vioo vikawarukia usoni. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, waliojeruhiwa maelfu, na wengi waliumia macho. Walifikishwa Hospitali ya Kenyatta na nyinginezo kwa gari lolote lililosimama.

Katika msiba kama huo, anayetangulia hospitali si aliyeumia zaidi, ni yule anayeweza kutembea. Mwenye mguu uliopondeka bado yuko chini ya kifusi. Vitanda vikishajaa, huyo akifika hana pa kulazwa. Lazima awepo mtu mlangoni wa kuwapanga: huyu aingie sasa hivi, huyu angoje, huyu ashonwe hapo hapo nje. Mtu huyo, hasa usiku, ni muuguzi.

Sisi wa Pwani si wageni wa haya. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Novemba 28, 2002, hoteli ililipuliwa Kikambala, wakafa Wakenya kadhaa na Waisraeli 3. Hata hivyo, tukizungumzia matayarisho huwa tunahesabu ambulensi na vitanda, vitu vinavyopendeza kupigwa picha siku ya uzinduzi.

Tuulize mengine. Ufunguo wa stoo ya dawa uko kwa nani saa nane za usiku? Daktari wa upasuaji anapigiwa kwa simu ya nani, na salio la nani? Jamaa wakifurika getini wakiulizia watu wao, nani anazungumza nao? Anayejua majibu ni nesi wa zamu, lakini mpango wa dharura ukiandikwa yeye haitwi. Pengine hata nakala yake hajawahi kuiona.

Tangu 2013 afya imo mikononi mwa kaunti. Mwaka 2017 wauguzi waligoma takriban miezi mitano, na wadi zikabaki tupu. Kaunti inayowaajiri kwa mikataba mifupi inamfundisha leo mtu atakayeondoka kesho. Wapewe ajira ya kudumu, kisha mazoezi ya dharura yafanywe usiku, bila taarifa, wakubwa wakae kando watazame.

Na nesi aliyekesha akifunika maiti apewe walau siku moja nyumbani na watu wake, kabla hajaitwa tena zamu.