Siku 60 bila wakili: Nani atapitia kesi ya mfungwa wa Geita?

Mchimbaji mdogo akitiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo ni miaka 30. Kama kaonewa, siku zinaanza kuhesabika: 10 za kutoa notisi ya rufaa Mahakama Kuu, 45 za kuwasilisha sababu. Akikwama hadi Mahakama ya Rufani, ana siku 60 kuomba mapitio.

Hapo ndipo penye mtihani. Kanuni ya 66 inakubali sababu chache tu, mfano kosa la wazi kwenye kumbukumbu au kunyimwa kusikilizwa. Ushahidi mpya haumo.

Maana yake, shahidi wa utetezi lazima apatikane mapema. Lakini kuanzia Geita hadi Kahama watu hufuata dhahabu: leo yuko Nyarugusu, kesho kasikia rashi kwingine. Kumsaka kunataka nauli na mtu wa kufuatilia. Mfungwa hana vyote viwili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, ila mashirika mengi ya kazi hiyo hutegemea wahisani, na 2025 Marekani iliifunga USAID. Kampeni ya Mama Samia, ya tangu 2023, imejikita zaidi kwenye ardhi, mirathi na ndoa.

Zamani kulikuwa na Arusha. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika, katika kesi ya Alex Thomas, iliona Tanzania ilikiuka haki kwa kutompa wakili. Novemba 2019 Serikali ikaondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kushtaki huko.

Mlango huo umefungwa. Kilichobaki ni nauli ya kumtafuta shahidi, na ndiyo inayokatwa.