Majeruhi wa Burat na Apimwe kwa Lugha Yake

Kila panapozuka mjadala kuhusu ajali za bodaboda au mashambulizi ya wezi wa mifugo katika kaunti zetu za kaskazini, swali linaloulizwa kwanza huwa ni moja: wamekufa wangapi? Aliyebaki hai huhesabiwa kuwa amenusurika, na habari zake hukomea hapo. Lakini kwa aliyeumia kichwa, kunusurika ni mwanzo tu wa masaibu. Kidonda cha ngozi hufunga baada ya wiki chache, ilhali ubongo uliotikiswa ndani ya fuvu waweza kumwachia mtu usahaulifu, hasira za ghafla, uchovu usioisha na usemi uliovurugika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 69 hupata majeraha ya ubongo kila mwaka duniani, na kwamba mzigo mkubwa zaidi umeziangukia nchi za kipato cha chini na cha wastani, kama yetu.

Tuitazame wadi ya Burat, katika eneo bunge la Isiolo Kaskazini. Kaunti ya Isiolo ni makutano ya Waturukana, Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru. Kijana wa huko aweza kuzungumza Kiturukana nyumbani, Kiborana sokoni, Kiswahili kituoni pa bodaboda na Kiingereza darasani. Je, akianguka na pikipiki akaumia kichwa, atapimwa kwa lugha ipi?

Swali hili si la wanaisimu peke yao. Kipimo kinachotumiwa kote duniani kukadiria fahamu za majeruhi wa kichwa ni kile kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kina sehemu tatu: kufumbua macho, alama 4, kujibu kwa maneno, alama 5, na kusogeza viungo, alama 6. Jumla ni 15. Anayepata kati ya 13 na 15 huhesabiwa kuwa ameumia kidogo, 9 hadi 12 kwa kiasi, na 8 kwenda chini vibaya sana. Ukichunguza utaona kwamba sehemu mbili kati ya hizo tatu zinategemea lugha. Ili kupata alama zote, majeruhi sharti aseme yeye ni nani, yuko wapi na ni wakati gani. Tena sharti atii agizo la kuinua mkono au kutoa ulimi.

Sasa chukua mfano wa bibi mzee aliyeangukiwa na jiwe, asiyejua ila Kiturukana. Macho yake yako wazi, akili zake timamu. Anaulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa maneno ambayo mpimaji hayafahamu. Akipewa alama 4 za macho, 3 za maneno yasiyoafikiana na swali na 5 za viungo kwa kuwa hakutii agizo, jumla yake ni 12. Kwenye karatasi amekwisha kuwa mgonjwa wa hali ya kadiri, ilhali hana kasoro yoyote ya fahamu.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi. Tangu Carl Wernicke alipoandika mwaka 1874, inajulikana kwamba mtu aliyeumia sehemu fulani ya upande wa kushoto wa ubongo aweza kutiririsha maneno kwa ufasaha wa sauti, kumbe hayana maana. Mpimaji asiyeijua lugha ya mgonjwa atafahamuje? Atasema tu, “Anaongea lugha yao,” kisha amruhusu kwenda zake, na huku damu inavuja ndani ya fuvu. Sikusudii kuwalaumu wauguzi, wanaofanya kazi kubwa kwa vifaa haba. Lawama ni ya utaratibu uliowaacha bila mkalimani.

Mtafiti aliyetufunza mengi kuhusu jambo hili ni Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Urusi aliyeishi kati ya 1902 na 1977. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliwatibu askari waliopigwa risasi kichwani. Mmoja wao, Lev Zasetsky, alijeruhiwa mwaka 1943. Aliweza kuzungumza, lakini hakuweza kutofautisha “ndugu wa baba” na “baba wa ndugu”. Kila neno alilijua; uhusiano baina ya maneno ndio uliompotea. Hata hivyo, alifundishwa upya kuandika, na kwa muda wa miaka ipatayo 25 akajaza kurasa takriban 3,000 za kumbukumbu zake. Kwa hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Luria aliweza kuligundua tatizo hilo kwa sababu alimpima mgonjwa kwa lugha yake na kuielewa sarufi yake. Hapa ndipo penye kazi yetu. Kiturukana huanza sentensi kwa kitenzi. Kiborana hukiweka kitenzi mwishoni. Kiswahili hukiweka katikati. Ukitafsiri jaribio neno kwa neno kutoka Kiingereza, utakuwa umepima kitu kingine katika kila lugha. Michel Paradis wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliyetoa mwaka 1987 kitabu cha kupima afasia ya wazungumzaji wa lugha mbili, alisisitiza kwamba jaribio huundwa upya kwa kila lugha. Yeye pia alionyesha kwamba lugha za mgonjwa mmoja hazirudi kwa namna moja: pengine hurudi sambamba, pengine moja hutangulia, na pengine moja hupotea kabisa. Kwa hiyo kumpima mtu wa lugha nne kwa lugha moja ni sawa na kukagua nyumba kwa kuchungulia chumba kimoja.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Ikiwa mtuhumiwa wa wizi wa mbuzi apewa mkalimani, seuze mchungaji aliyepasuliwa kichwa na wezi hao? Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoifahamu. Ni busara, basi, aulizwe pia kwa lugha hiyo.

Yapo mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila hospitali ya kaunti iwe na orodha ya wafanyakazi wake na lugha wanazozijua, pamoja na kadi zenye maswali na maagizo machache ya kipimo hicho katika lugha za wenyeji. Pili, wanafunzi wa isimu vyuoni waelekeze tasnifu zao katika kuunda majaribio ya usemi kwa Kiturukana, Kiborana, Kisamburu na nyinginezo. Tatu, walimu wajue kwamba mwanafunzi aliyerejea shuleni baada ya kuumia kichwa, akawa msahaulifu, mzito wa kujibu na mwepesi wa hasira, huenda si mvivu wala mtovu wa adabu. Apewe muda, apunguziwe kazi, na mzazi ashauriwe kumrudisha kwa daktari.

Bila shaka kinga ni bora kuliko tiba. Uchunguzi uliojumuisha tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kifo kwa asilimia 42. Abiria wa bodaboda asiyeidai anajidhulumu mwenyewe. Lakini kwa yule ambaye ajali imekwisha kumfika, jambo la kwanza tunalomwia ni swali analoweza kulielewa.