Wafang wameshika nchi, Kifang kimebaki nje ya ofisi

Wadau, leo twende Guinea ya Ikweta, ile nchi ndogo ya mafuta iliyobanwa kati ya Kameruni na Gabon. Kuna jambo la kule linanichanganya siku nyingi.

Wafang ndio wengi, takriban wanane katika kila watu kumi. Marais wote wawili tangu uhuru wa 1968, yaani Macías Nguema na mpwa wake Obiang aliyempindua Agosti 1979, ni Wafang wa upande wa Mongomo. Ungetegemea basi Kifang kiwe lugha rasmi. Wapi! Lugha rasmi ni Kihispania cha mkoloni, Kifaransa kikaongezwa 1998, halafu Kireno. Kifang na wenzake katiba inavitaja kama sehemu ya utamaduni wa taifa, basi.

Hicho Kireno ndicho kituko. Wanaokiongea kule uwatafute kwa tochi. Rais alikipitisha kwa amri 2010, nchi ipate kuingia jumuiya ya wanaoongea Kireno, na 2014 ikapokelewa kule Dili. (Haki yao, watu wa kisiwa cha Annobón wana krioli yenye asili ya Kireno, ila ni wachache mno.)

Mimi niliyeishia kidato cha nne nilisema moja kwa moja: kasumba hiyo! Maana Kifang ni Kibantu, ndugu wa hiki chetu. Mtu ni mot, watu ni bot. Kina tendi ndefu za mvet, zinazoimbwa na mtu akipiga chombo chenye jina hilohilo. Si kwamba hakina maneno.

Lakini kaangalie miaka ya Macías. Kihispania alikipiga vita, Kifang kikapandishwa juu, na Wabubi wa kisiwa cha Bioko wakaonewa na kuuawa. Hata kisiwa chao akakipa jina lake. Sasa leo umwambie Mbubi ofisi zote zihamie Kifang, atakuelewa? Ataona wenye bunduki wamechukua na ulimi wake. Kihispania angalau si cha jirani yake. Sisi tulikuwa na bahati, Nyerere alikuwa Mzanaki lakini hakutuambia tuongee Kizanaki.

Hapo serikali yao naielewa. Nisichoelewa ni shule. Mtoto wa darasa la kwanza pale Ebebiyín akianza kusoma kwa Kifang, na mwenzake wa Bioko kwa Kibubi, nani kaonewa? Mafuta yanachimbwa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo pesa ya kuchapa vitabu vya watoto jamani isiwe kisingizio. Kireno, ambacho hakina hata kijiji, kimepewa cheo kwa amri moja. Kibubi kimekosa nini?