Kifaru Kilivaa Chuma, Wachukuzi Walivaa Nini?

Vijana wenzangu wa Matiliku, nyinyi mnaobishana usiku kucha kifaru gani ni moto kuliko kingine, leo nataka tukosane kidogo.

Mnajua vifaru vya Mark I viliingia vitani kule Flers, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916. Sawa. Lakini miezi saba kabla, tarehe 12 Februari, magari ya Waingereza yaliyovishwa chuma yalikuwa Salaita. Hapa hapa Kenya! Panda gari Emali, shuka Voi, kata kulia uelekee Taveta, utakiona hicho kilima. Na siku hiyo chuma hakikuwasaidia: Waingereza walirudi nyuma.

Gari la kivita la enzi hizo lilikuwa nini hasa? Chukua Rolls-Royce Silver Ghost, gari la matajiri kutembelea. Vua bodi, vika mabamba ya chuma, weka bunduki ya rashasha juu. Bado linatembea kwa magurudumu. Kwenye barabara kavu linakimbia vizuri. Kwenye msitu na matope ya masika, linageuka mzigo. Malori nayo yanazama, farasi na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o. Sasa risasi na chakula vitafika vipi?

Kwa mabega ya watu. Hapo ndipo Ukambani inaingia kwenye hii hadithi yenu. Wanaume walikusanywa, wengi kwa nguvu, wakaingizwa kwenye kikosi cha wachukuzi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zimepata majina kutokana na kikosi hicho. Hawakuvishwa bamba lolote. Zaidi ya 40,000 walikufa wakiwatumikia Waingereza, wengi kwa kuhara, malaria na chakula kibovu kuliko kwa risasi.

Kuna atakayesema, "Wacha siasa, sisi tunaongea injini." Haya, tuongee injini. Injini bila petroli ni chuma tu. Kama unajua unene wa bamba lakini hujui nani alibeba mzigo, hiyo mashine unaijua nusu.

Nenda Kenyatta Avenue, Nairobi, uangalie sanamu ya mwaka 1928. Mmoja wa wale watatu ni mchukuzi. Maandishi yanaahidi kwamba ukifa vitani, wana wako watalikumbuka jina lako. Tafuta majina yenyewe hapo. Hakuna hata moja. Ilibidi tungoje mpaka 2021 ndipo tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita ikakiri kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa majina kama wenzao wazungu.

Hao wana walioahidiwa kukumbuka ndio sisi. Mimi nasema tuanzie nyumbani: muulize susu wako, muulize umau, nani katika ukoo alichukuliwa na hakurudi. Liandike hilo jina. Ukishaniletea, tutaongea Mark I mpaka kuche.