Aliyezika Sumu na Aifukue

Agosti 2003, vijana wa mjengo waliokuwa wakichimba katika mji wa Qiqihar, kaskazini-mashariki mwa Uchina, walifukua mapipa matano ya chuma. Yakafika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na gesi ya haradali iliyoachwa na jeshi la Japani mwaka 1945. Mtu mmoja alifariki, zaidi ya 40 wakaumia, wakiwemo watoto waliochezea udongo uliochimbuliwa pale.

Msomaji wa Kitengela ataielewa habari hii upesi. Hapa kila kona kuna msingi unaochimbwa, na yadi za skrapu zimejaa. Kijana wa mkokoteni hulipwa kwa kilo. Gesi ya haradali, licha ya jina lake, ni majimaji mazito kama mafuta. Anayeyagusa anaweza kukaa saa kadhaa bila maumivu, kisha malengelenge yakaanza kufura. Kufikia hapo amekwisha kurudi nyumbani na kumbeba mtoto.

Hatusemi kwamba hapa Kajiado kuna mapipa kama hayo. Tunasema kwamba masalia ya kijeshi, yawe ya sumu au ya baruti, humpata kwanza mchungaji, mtoto na mwokota vyuma. Wafugaji wenzetu wa Samburu na Laikipia wanalijua hilo. Katika malisho ya Archer's Post na Dol Dol, ambako wanajeshi wa Uingereza walifanya mazoezi, mabomu yaliyobaki bila kulipuka yaliua watu na kuwakata wengine viungo. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa walalamishi zaidi ya 200. Fidia hiyo haikurudisha mkono wa mtu.

Wala gesi yenyewe si habari ya mbali. Italia iliinyunyizia Ethiopia kutoka angani mwaka 1935 na 1936, ilhali ilikuwa imeridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza gesi ya sumu vitani. Mei 2025 Marekani iliituhumu serikali ya Sudan kwa kutumia silaha za kemikali, Sudan ikakanusha. Uchunguzi huru wa tuhuma hizo ni haki ya wakimbizi watakaorejea kulima na kujenga huko, maana majembe yao ndiyo yatakayofika kwanza.

Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika mwaka 1997, unaitaka nchi iliyotelekeza silaha hizo katika ardhi ya wengine iziteketeze. Kanuni hiyo tunaitaka kwa kila bomu. Jeshi lolote, letu au la kigeni, likimaliza mazoezi likabidhi ramani, lisafishe uwanja, na wenyeji washuhudie kabla ng'ombe hawajarudishwa. Kaunti nayo ifundishe shuleni na kwenye yadi za skrapu: chuma usichokijua usikiguse, usikitikise, usikipime, ondoka, uite polisi. Gharama ya kusafisha ni ya aliyechafua, na tutaidai akiwa bado yuko hapa.