Paa jipya kwa pointi za kadi: Nani hasa hulipa gharama?

MATENGENEZO makubwa ya nyumba yamekuwa mtihani mgumu wa fedha kwa familia nyingi za kipato cha kati nchini Marekani, na mojawapo ya njia zinazotajwa sana za kuukabili ni ile inayoonekana kama kupata kitu bure: zawadi za kadi za mikopo. Mwenye nyumba hukusanya pointi, au marejesho ya fedha, kwa kila dola anayotumia dukani na kwenye kituo cha mafuta. Siku paa linapoanza kuvuja au mtambo wa kupasha nyumba joto unapokufa katikati ya majira ya baridi, akiba hiyo ya pointi huelekezwa kwa fundi.

Si hadithi tupu, kwani wapo waliofanikiwa. Hata hivyo, hesabu zinapowekwa mezani, swali linalobaki si kama njia hiyo inafanya kazi, bali inamfanyia kazi nani, na fedha hizo zinatoka mfukoni mwa nani.

Kwa nini watu wageukie pointi badala ya benki? Jibu la kwanza liko kwenye riba. Mwanzoni mwa Januari 2021, wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 nchini humo ulishuka hadi asilimia 2.65, na mamilioni ya wenye nyumba walikimbilia kubadilisha mikopo yao. Kufikia Oktoba 2023 riba hiyo ilikuwa imepanda hadi kukaribia asilimia 8. Zamani mwenye nyumba aliyehitaji fedha za paa angeweza kuufunga mkopo wa awali na kuchukua mpya mkubwa zaidi. Aliyejipatia riba ya asilimia 3 hawezi kufanya hivyo leo bila kujitia hasara kwa mkono wake mwenyewe.

Jibu la pili ni bima. Katika majimbo yanayopigwa na vimbunga, Florida likiwa mfano ulio wazi, kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutoa chochote huweza kupangwa kwa asilimia ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima. Nyumba ya dola 400,000 yenye sharti la asilimia 2 humdai mwenyewe dola 8,000 za kwanza. Na paa lililozeeka tu, bila kimbunga, bima hailigusi.

Sasa tuchukue paa la dola 12,000, kiasi kisicho cha ajabu kwa nyumba ya kawaida iliyoezekwa kwa vigae vya lami. Kadi nzuri isiyo na masharti mengi hurejesha asilimia 2 ya matumizi. Ili kupata dola 12,000 kwa njia hiyo, familia italazimika kutumia dola 600,000. Familia inayopitisha dola 2,500 kila mwezi kwenye kadi, yaani dola 30,000 kwa mwaka, itavuna dola 600 kila mwaka. Itasubiri miaka 20. Paa linalovuja halina subira hiyo, na lile jipya huenda likawa limeanza kuchoka kabla pointi hazijatimia.

Kwa sababu hiyo, wajuzi wa mchezo huu hawategemei asilimia 2. Hutegemea zawadi ya kufungua kadi mpya. Benki huahidi, kwa mfano, pointi 60,000, zenye thamani ya dola 600 zikibadilishwa kuwa fedha taslimu, kwa mteja atakayetumia dola 4,000 katika miezi 3 ya kwanza. Hapo ndipo matengenezo ya nyumba yanapoonekana kuwa neema, maana ni matumizi makubwa yanayokuja kwa mkupuo. Mke na mume wakiligawa deni la dola 12,000 katika kadi 3 mpya, watapata dola 1,800 za zawadi na kama dola 120 za pointi za kawaida. Wakitoa ada ya mwaka ya dola 95 kwa kila kadi, na nyongeza ya asilimia 3 ambayo fundi huweza kumtoza anayelipa kwa kadi, yaani dola 360, watabakiwa na dola 1,275. Ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya gharama. Fedha hizo si haba, lakini haziezeki nyumba.

Nyongeza hiyo ya fundi inastahili kutazamwa. Hadi mwaka 2013 kanuni za Visa na MasterCard zilimkataza mfanyabiashara wa Marekani kumtoza ziada mteja wa kadi. Zilipolegezwa, wakandarasi wa nyumba walikuwa na kila sababu ya kuzitumia, kwa kuwa faida yao ni nyembamba na bili zao ni kubwa. Kwa mtu mwenye kadi ya kawaida ya asilimia 2, ambaye hafungui kadi mpya, hesabu inageuka papo hapo. Atapata dola 240 kutoka benki na kumlipa fundi dola 360.

Balaa lenyewe ni deni lisilolipwa mwisho wa mwezi. Tangu mwaka 2023 wastani wa riba ya kadi za mikopo nchini Marekani umekuwa ukizidi asilimia 20. Mwenye nyumba atakayelipa deni la dola 12,000 kwa riba ya asilimia 21 katika miaka 3 atatoa kama dola 452 kila mwezi, na riba peke yake itazidi dola 4,200. Mbele ya kiasi hicho, zawadi ya dola 240 ni ganda la muwa. Benki zinalifahamu jambo hili vizuri kuliko wateja wake. Zisingetoa zawadi hizo kama wote wangelipa kwa wakati.

Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika shauri la benki ya Marquette, kwamba benki yenye kibali cha taifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo jingine riba inayoruhusiwa katika jimbo la makao yake. Jimbo la South Dakota lilikuwa limeondoa ukomo wa riba kufikia mwaka 1980, na Citibank ikahamishia huko shughuli zake za kadi. Mwaka 1986 kadi ya Discover ikaingia sokoni na marejesho ya fedha taslimu. Riba isiyo na ukomo na zawadi zilikua pamoja, kama mapacha.

Ipo pia pochi ya tatu, nayo ni ya mtu asiye na kadi kabisa. Kila muamala wa kadi humgharimu mfanyabiashara ada inayokaribia asilimia 2, na kadi za zawadi nono hupita hapo. Mfanyabiashara huitia gharama hiyo kwenye bei ya mkate, na mkate una bei moja kwa wote. Watafiti wa tawi la Benki Kuu ya Marekani mjini Boston walikadiria mwaka 2010 kwamba kaya inayolipa kwa fedha taslimu ilikuwa ikizichangia kaya za kadi dola 149 kwa mwaka kwa wastani, na kaya ya kadi ilikuwa ikipokea dola 1,133. Walipozipanga kaya kwa kipato, zile zisizozidi dola 20,000 kwa mwaka zilipoteza dola 21, na zile za dola 150,000 na kuendelea zilipata dola 750. Kwa maneno mengine, msafisha ofisi anayenunua unga kwa noti anachangia paa la meneja wake.

Msomaji wa Nairobi anayetumia Bonga Points za Safaricom, au wa Dar es Salaam anayejenga kwa mafungu, tofali baada ya tofali, anaweza kuona mambo haya yako mbali. Kwa ndugu walioko Minneapolis, Columbus au Houston yako karibu sana. Wengi wao walikulia penye fundi wa kulipwa mkononi na mchezo wa upatu wa kuchangishana, kisha wakajikuta katika nchi ambayo historia ya madeni ndiyo cheti cha uaminifu. Kadi 3 mpya kwa mpigo zinaweza kuishusha alama ya mkopaji kwa muda, na anayetarajia kuomba mkopo wa nyumba mwaka huo huo atalipia hilo katika riba.

Ushahidi kwamba zawadi hutoka kwenye ada za wafanyabiashara upo. Sheria ya mwaka 2010 iliyopewa jina la Seneta Durbin ilibana ada za kadi za benki zinazotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti, na utekelezaji ulipoanza mwaka 2011 benki nyingi zilifuta zawadi za kadi hizo. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa kadi za mikopo mwaka 2015, na huko zawadi ni nyembamba. Seneta huyo huyo, pamoja na mwenzake Marshall wa chama cha Republican, aliwasilisha mwaka 2022 muswada wa kuleta ushindani katika ada za kadi za mikopo. Mabenki na mashirika ya ndege yaliupinga kwa nguvu, yakiwaonya wananchi kuwa watapoteza pointi zao. Februari 2025 maseneta Sanders na Hawley, watu wasiokubaliana kwa mengi, walipendekeza ukomo wa riba wa asilimia 10.

Mahakamani, kesi ya wafanyabiashara dhidi ya Visa na MasterCard ilianza mwaka 2005. Mapatano ya mwaka 2024 yalikataliwa na jaji. Mengine yalitangazwa Novemba 2025, nayo pia yakihitaji idhini ya mahakama. Yanapunguza ada kwa sehemu ndogo ya asilimia, lakini kifungu kinachomhusu mwenye paa bovu ni kingine: mfanyabiashara angeruhusiwa kupokea kadi za kawaida na kukataa za daraja la juu. Fundi atakayeitumia ruhusa hiyo ataikataa kadi ile ile ambayo mwenye nyumba aliifungua kwa ajili yake.